Bomba la Nje

"Mama, lile bomba la nje mtu akilisahau, linachukua muda gani kupasuka?"

Nilikuwa nakata kabichi. Kisu kikasimama. Larysa, binti yangu, aliuliza kwa sauti laini, kama mtu anayeulizia bei ya viazi, na sauti hiyo niliijua. Ilikuwa yangu.

"Mtu nani huyo?"

"Mtu tu." Akacheka kidogo kwenye simu. "Kurtis anakuja kulichukua karavani Jumamosi. Ameniambia nililaze kwanza, baridi isije ikaliharibu, eti mimi ndiye ninayejua kulilaza. Mama, mwanamume ameniacha, anaishi na yule kisura wake, halafu bado ananituma!"

Nikakaa kwenye kiti. Miaka ishirini na miwili iliyopita niliambiwa maneno hayohayo, na wifi yangu Verna.

Baba yake Larysa, marehemu Orest wangu, alianguka shambani wakati wa mavuno, asiinuke tena. Karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, lilikuwa la mama yake kwa karatasi, lakini kila ubao wake Orest ndiye aliyeugusa, na kila kiangazi tulilala humo kando ya ziwa, sisi na watoto. Verna alikuja kulichukua siku ya thelathini na moja. Arobaini ya kaka yake haijatimia! Ngano ya kuchemsha kwa ibada hiyo ilikuwa bado kwenye mtungi, kavu. Kandambili za Orest zilikuwa chini ya kitanda cha karavani. Verna akazitupa nje, moja, halafu ya pili.

"Usininunie, wifi," alisema. "Karavani ni la mama, na mama ni wangu. Wewe uliolewa tu."

Niliziokota zile kandambili nikazifuta kwa aproni. Sikumjibu. Nawaambia nyie mnaosoma, mwogopeni mtu ambaye hakujibu.

Mwezi wa kumi akanipigia. "Wifi, baridi imekaribia. Njoo ulilaze, wewe ndiye unayejua."

Nilikwenda. Nilikwenda mbio, hata kifungua kinywa sikula.

Kulaza karavani Orest alinifundisha mwenyewe. Unamwaga maji ya tangi, unamwaga ya mtungi wa kuchemshia, halafu unaivutisha pampu ile dawa ya pinki isiyoganda. Unafungua bomba moja baada ya jingine, la moto na la baridi, mpaka kila moja liteme pinki. "Lisipotema pinki hujalilaza," alikuwa akisema, "umeliua." Na la mwisho ni lile wanalolisahau wote: kibomba cha nje, nyuma ya kidirisha cha ubavuni, cha kuoshea miguu yenye mchanga. Orest alikuwa akilifungua hilo akipiga mluzi.

Siku ile nilifanya kazi safi kuliko siku zote. Nilisugua mpaka jiko. Niliziba matundu ya panya kwa nyuzi za chuma. Halafu nikasimama mbele ya kile kidirisha cha ubavuni, nikaweka kiganja juu yake, nikasikia ubaridi wa bati. Nikakiacha kimefungwa.

Verna akatoka na kikombe cha chai. "Yote yametema pinki?"

"Yote," nikasema, nikimtazama machoni. "Pinki kabisa."

Msimu ule baridi ilishuka mpaka misumari ya paa ikawa inalia. Watu walilalamika, mimi nilifurahi. Nililala na kandambili za Orest chini ya kitanda changu, nikiyafikiria yale maji kidogo ndani ya ukuta wa Verna, yanavyoganda, yanavyovimba yakitafuta nafasi. Pasuka, nilisema. Niliyasema hayo kama wengine wanavyosali. Sitawadanganya: sijapata kuwa na majira ya baridi matamu kama yale.

Lilipasuka, ndiyo. Lakini maji hayana adabu, hayaendi unakoyatuma. Kiangazi kizima yalivuja ndani ya ukuta, polepole, yakaingia chini ya zulia, yakaila sakafu kando ya kitanda. Na kwenye kitanda kile hakuwa analala Verna. Alikuwa amempa mama yake, Paraska, mama mkwe wangu, bibi wa miaka sabini na tisa aliyenifundisha kukunja kabichi, aliyeniita binti hata baada ya mwanawe kuzikwa. Asubuhi moja ya mwezi wa nane aliteremsha mguu. Ubao ukammeza mpaka gotini, nyonga ikavunjika.

Hospitalini alinishika mkono. "Stefka, karavani nani alililaza?"

"Mimi, mama."

"Basi siyo maji," akasema, akafumba macho. "Wewe siyo mtu wa kusahau kitu."

Hakutembea tena. Alizikwa kabla theluji ya msimu uliofuata haijayeyuka.

Na Verna? Verna alilia juu ya bega langu. "Nililigonga karavani kwenye kisiki nikirudi nyuma, wifi. Ndipo lilipopasuka. Mimi ndiye nimemuua mama." Nilitaka ateseke, nikapewa. Kila vuli ananiletea chupa ya viazi vyekundu vya siki, kwa sababu, anasema, mimi peke yangu sikumlaumu. Nami navila.

Haya yote nilimweleza Larysa siku ile, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote. Kabichi ilinikaukia mkononi.

"Bibi Paraska," akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kurtis hana mama humo, mama. Atalala yeye na kisura wake. Wacha walowe!"

"Na Zenia?"

Zenia ni mwanawe Larysa na Kurtis, ana miaka minne. Mahakama imempa baba yake akae naye mwezi wa saba.

Nikamsikia anavyopumua.

"Usikate simu," nikamwambia. "Toka nje. Washa pampu, fungua kidirisha."

Mlango ukabamizwa. Nikasikia viatu kwenye kokoto, pampu ikaanza kunguruma, halafu kitu kikamwagika chini.

"Yanatoka," akasema.

"Rangi gani?"

Pampu ikanguruma.

"Larysa. Rangi gani?"

"Pinki, mama," akasema hatimaye. "Pinki kabisa."

Nikaweka simu mezani. Kwake ni mwendo wa saa nzima, na barabara ilikuwa imeanza kuteleza. Nikavaa koti, nikatafuta funguo za gari.