Mke wa Miaka Sabini na Moja

"Mama, usicheke," mpiga picha alisema kwa mara ya tatu. "Ile nchi hawataki picha yenye meno."

Bibi akafunga mdomo. "Na wakiona nimenuna hivi, si watadhani nakwenda kupigana?"

Niseme hapa, kwa unyenyekevu wote nilionao, kwamba katibu wa safari ile nilikuwa mimi. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni nikiwa na sifa mbili: niliijua lugha ya nchi ile kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na niliwahi kumfungia mwalimu wa zamu stoo pamoja na mbuzi wa shule. Bibi aliijua sifa ya kwanza tu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini kule, nchi ya pwani ambayo hatukumjua mtu aliyewahi kwenda kuitembelea. Hata karani wa ofisi ya safari, mwenye picha za nusu ya dunia ukutani, alikuna kichwa akitusomea masharti. Mwanamke haingii bila mwaliko wa ndugu wa kiume aliyeko kule. Nguo ifike kifundo cha mguu. Manukato yenye pombe, marufuku. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hata wakisema nitambae, nitatambaa. Mjukuu wangu ameanguka."

Alianguka kutoka juu ya jukwaa la kazi, mgongo ukavunjika. Daktari alisema hasafirishiki. Bibi ndiye aliyetulea sisi wawili tangu wazazi wetu walipofariki. Alitaka tu kumshika mkono.

Kaka akiwa kitandani alimwomba mwenzake amwandikie mwaliko kwa Kiswahili: namwalika bibi yangu. Mtafsiri mwenye mhuri, jirani na sokoni, akaugeuza kuwa lugha ya kule. Bibi akanipa karatasi. "Kagua, mume wangu. Wewe ndiye msomi."

Mume wangu. Alituita hivyo sote wawili, nasi tulimwita mke wetu, tukigombania nani mume mkubwa. Sasa nikaona neno alilotumia mtafsiri. Bibi wa kaka, yule mtafsiri alikuwa amemgeuza bibi wa "bibi na bwana". Mke wa ndoa! Miaka sabini na moja, na mumewe ishirini na sita! Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilimwona akilini ofisa wao akihesabu miaka kwa vidole. Nikajiambia Bibi atakwenda kumsimulia kaka, naye atacheka mpaka mgongo upone.

"Kuna kosa?" Bibi aliuliza.

"Hakuna, mke wangu. Iko sawa."

Akaibusu ile karatasi. Kwa siku kumi na mbili alipanga begi, akapangua, akapanga tena. Alishusha pindo za gauni zake kwa mkono. Aliniuliza kule wanasemaje "pole", akawa anakariri huku akifua. Alilitamka vibaya, sikumsahihisha, nikidhani muda upo.

Jibu lilikuja Jumatatu. Maombi yamekataliwa, mwombaji alete cheti cha ndoa. Tukaanza upya, fomu mpya na tafsiri mpya, ambayo niliikagua neno kwa neno huku jasho likinitoka. Tuliipeleka Jumatano. Alhamisi kaka akafa, na kule mtu huzikwa siku hiyohiyo.

Waliokuja kutupa pole walimlaani mtafsiri.

"Mwacheni," Bibi alisema. "Naye ni binadamu. Hata msomi wangu hakuliona kosa."

Nilikuwa nimeshika birika. Niliendelea kumimina chai mpaka kikombe cha mjomba kikafurika, na hakuna aliyenigombeza. Nimekiri makosa mengi mbele ya shule nzima, mengine hata siyo yangu. Hilo sijamwambia Bibi mpaka leo.

Wiki mbili baadaye tulirudi ofisi ya safari. Bibi alitaka kuliona kaburi.

"Tatizo ni mwaliko, Mama," karani alisema taratibu. "Lazima pawe na ndugu wa kiume aliyeko kule."

"Yupo," Bibi alisema.

Karani akanitazama. Mimi nikatazama picha za ukutani.

"Yupo kulekule, mwanangu. Andika."