Goti la Kucheza Mara Moja

"Kata!"

Mchezaji akabaki na mguu hewani kama jogoo aliyeambiwa asubiri. Mwongozaji wa filamu, ambaye ghala zima walimopigia picha lilimwita Mkasi, hakumtazama usoni. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kamera, akikikodolea macho kisigino.

"Kisigino safi, mama. Tena. Safari hii bila mwili."

Bila mwili! Utadhani kisigino kilizaliwa peke yake, kikalelewa, kikaozwa.

Tangu asubuhi walimpiga picha shingo, kidole, kwapa, na jasho lisilo lake: walimnyunyizia maji kwa chupa ya kupigia pasi. Na goti lilikuwa likiwaka. Daktari alishasema, likipasuliwa wiki ijayo, kucheza basi. Ngoma hii aliyokuja kuicheza aliachiwa na mama yake. Binti yake, aliye mbali masomoni, alimwomba kitu kimoja tu: "Nitumie yote, mama, nijifunze." Kwa ajili hiyo alikubali kuja. Goti lililobaki lilikuwa la kucheza mara moja, na Mkasi alikuwa akilitafuna kipande kipande.

"Yote tutaipiga lini?" aliuliza.

"Yote inazaliwa kwenye kuhariri, mama. Watazamaji wa siku hizi, mwili mzima unawachosha."

Dharau hii hakuianza Mkasi. Zamani, kwenye sherehe moja, mpiga picha wa serikali alisimika kamera nyuma ya viti vya wakubwa, akaenda zake kuvuta sigara. Ngoma ilitoka nzima, mwanzo hadi mwisho, ila miguu yote ilizibwa na vichogo vya waheshimiwa. Vichogo vile vimehifadhiwa vizuri sana. Vipo mpaka leo. Yule aliitelekeza kamera, huyu hatulii nayo, na hakuna kati yao aliyewahi kuuliza ngoma inaelekea wapi.

Wapiga picha walipotoka kwenda kula, mchezaji alibaki na wifi yake, aliyekuja kumshikia nguo. Ujanani walicheza bega kwa bega.

"Wifi, toa simu yako."

"Ya nini? Umpigie kaka yangu aje akubebe?"

"Nipige picha. Nzima."

"Mimi? Mimi hata harusini nakata watu vichwa!"

"Kichwa changu mwanangu anakijua. Wewe usiniache tu."

Akaanza, muziki ukiwa ni mluzi wake mwenyewe. Mwanzoni wifi alisimama kama nguzo. Kisha kandambili zake zikaanza kusogea. Mchezaji alipogeukia kushoto, simu ilikuwa imeshatangulia kushoto. Aliporudi nyuma, ikampisha. Aliposhuka, wifi naye akashuka, akiguna, nyonga zikilia.

Mkasi akaingia na kijiti mdomoni. "Nani kawaruhusu? Mwanga wenyewe uko wapi? Kata! Kata, jamani!"

"Kata kucha zako," wifi alimjibu bila kugeuka.

Ilibaki hatua ya mwisho, ile ambayo mama yake alikuwa akimchapa fimbo kwa ajili yake: kusimama kwa mguu mmoja na kutulia mpaka vumbi likae. Akasimama. Goti likalia kama kijiti kikavu. Wifi akamdaka kiunoni kwa mkono mmoja.

"Usizime," mchezaji alinong'ona.

Simu ilikuwa imeinama, wala haikuzimwa. Ndani yake mlikuwa na sakafu ya saruji, kandambili mbili zilizokazana, mguu mmoja mtupu uliosimama na mwingine ukining'inia hewani, na vumbi, taratibu, likishuka.