Mawe ya Kipindi cha Pili

Jumatatu saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kengele ya kipindi cha pili ilipogongwa, Mwalimu Ignas aliingia Darasa la Tano akiwa na chaki mbili mkononi na mawe ishirini na saba mwilini. Alikuwa amezikwa jana yake alasiri. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa makaburini, na kabla ya kukanyaga sakafu aliufuta kwenye gunia la mlangoni, maana wasichana wa zamu walikuwa wameshapiga deki.

"Shikamoo, mwalimu," darasa zima lilisema.

"Marahaba. Kaeni."

Akaandika ubaoni: Uraia na Maadili. Chini yake akaandika: Utawala wa Sheria. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili, hivyo aliandika kwa wa kushoto, na wanafunzi walinakili bila taabu.

Shule hiyo ilikuwa katika kijiji cha kando ya barabara kuu, ukishapita Mikese kuelekea mjini Morogoro. Bango lake lilikuwa kubwa kiasi cha kusomeka na abiria wa basi lililo mwendoni, na lilisema kwamba shule inafundisha masomo kumi na manne. Shule ya serikali ng'ambo ya barabara ilifundisha sita. Ni bango hilo lililomfanya Mwajuma amhamishie binti yake pale. Mwajuma alikuwa mjane, mwenyeji wa Kinole, na aliuza mdalasini, pilipili manga na machungwa ya kwao gulioni. Yeye mwenyewe hakuwahi kusikia kwamba muziki ni somo, na alipenda mwanawe Raya awe na vitu asivyowahi kuvisikia yeye.

Kifaransa kilifundishwa na mlinzi wa geti, ambaye aliwahi kupakua mizigo Bujumbura. Muziki ulifundishwa na redio. Somo la kompyuta lilikuwa na kompyuta moja, na watoto walijifunza kuifunua na kuifunika. Kuogelea kulifundishwa mtoni. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha Uluguru usiku kucha, mto ukashuka ghafla katikati ya kipindi ukamchukua Sabra wa Darasa la Tatu. Ulimtoa siku ya pili, mbali kule chini, shingo imegeukia mgongoni na mdomo umejaa mchanga. Mkurugenzi wa shule, Leonard, aliwaambia wazazi wake kwamba siku ile mtoto hakufika shuleni kabisa. Eti alitoroka akaenda kucheza. Wazazi wakazika.

Lakini daftari la mahudhurio lilionyesha kwamba Sabra alikuwepo. Mwalimu Ignas ndiye aliyeita majina asubuhi ile. Jumamosi moja alilichukua daftari ofisini, akaliweka kwapani, akaelekea kituo cha polisi kwa miguu, akikatiza gulioni. Mkurugenzi alikuwa anashuka kwenye gari lake kununua ndizi. Aliliona daftari. Alinyoosha kidole na kupaza sauti mara moja tu.

"Mwizi! Mkamateni huyo, kaiba mali ya shule!"

Kisha akaendelea kuchagua ndizi.

Wa kwanza kumfikia mwalimu alikuwa Hafidhi wa bodaboda, aliyempiga usoni kwa helmeti. Pua ilivunjika. Mwalimu alijaribu kusema, "Mimi mwalimu, mimi nafundisha watoto wenu," lakini meno ya mbele yalikuwa yameshatoka na maneno yalitoka na damu, na hakuna aliyeyaelewa. Mtu akampiga goti kwa nondo. Alipoanguka, Hafidhi na wenzake walirudi nyuma hatua chache kupata nafasi ya kurusha, kwa kuwa kulikuwa na lundo la mawe ya ujenzi wa barabara pale pale.

Mwajuma alirusha moja. Hakuwa na hasira na mtu. Wenzake wa meza za jirani walikuwa wanarusha, na jiwe lilikuwa karibu na mguu wake. Alisikia lilipotua. Yote yaliisha kabla ya adhana ya adhuhuri, na watu wakanawa mikono wakarudi kwenye biashara zao. Daftari lilikuwa limechanika. Kurasa zilizobaki safi zilichukuliwa na muuza karanga, akazikunja kufungia karanga.

Hayo yalikuwa ya Jumamosi. Jumatatu, baada ya kipindi, Mwalimu Mkuu Editha alimwita Ignas ofisini na kumwuliza kama ana cheti cha daktari kinachoeleza hali yake. Hakuwa nacho. Editha akapekua waraka wa ajira na hakuona kipengele kinachomzuia. Mwalimu mwingine wa Uraia hakuwepo, na wakaguzi walikuwa wanakuja mwezi ujao kuhesabu masomo. Akamwandika kuwa yupo.

Siku hiyo hiyo mwalimu alianza kurudisha mawe. Dakika tano kabla ya kengele alipitisha vidole viwili chini ya sikio, akavuta jiwe la ukubwa wa limau, akalifuta kwa dasta na kulitazama vizuri.

"Semeni," aliita.

Semeni alikuwa binti wa Hafidhi. Alisimama.

"Mpelekee baba. Mwambie nashukuru, nimemrudishia lake."

Semeni alilifikisha. Hafidhi alimchapa kwa mkanda mpaka chuma chake kikamwachia alama usoni, kisha akalitupa jiwe chooni. Kesho yake jiwe lilikuwa limerudi chini ya sikio la mwalimu, likinuka. Mwalimu alilitoa kabla ya lile la siku hiyo, akaliosha bombani kwa sabuni na kumpa tena Semeni, ambaye safari hii alikuwa anasimama wima kwa kuwa hakuweza kukaa. Hafidhi alilipokea. Akaliweka nyuma ya tairi la pikipiki yake, kwa sababu uwanja wake ulikuwa na mteremko.

Baada ya hapo watu hawakubisha. Kila aliyerusha alikuwa na mtoto, mpwa au mjukuu pale shuleni, na kila siku jiwe moja lilikwenda nyumbani. Moja lilitoka kwenye mbavu, lingine kwenye kinena, na lingine lilichukua kipindi kizima kwa sababu lilikuwa nyuma ya jicho na mwalimu hakutaka jicho litoke pamoja nalo. Lilitoka. Alilirudisha mahali pake na kuendelea na haki za mtuhumiwa. Nyumbani mawe yalitumika kukandamizia bati na kuzuia milango. Wazazi walisema tu kwamba muhula huu watoto wanabeba mizigo mingi.

Raya alingoja zamu yake. Mwajuma naye alingoja. Kila jioni alimwuliza mtoto, "Leo nani?" na Raya alitaja jina, wakala.

Siku ya ishirini na saba, Jumanne, lilibaki jiwe moja tu, lililokuwa kwenye paji la uso juu ya nyusi ya kushoto. Mwalimu alilivuta likakataa. Lilikuwa limeingia ndani ya mfupa.

"Raya, njoo unisaidie."

Raya alikanyaga kiti, akalishika jiwe kwa mikono miwili na kulitikisa kama mtu anavyong'oa jino, mwalimu akimwelekeza, "Taratibu, sasa kwa kulia, vuta." Fuvu lililia. Jiwe lilitoka na kipande cha mfupa, ambacho mwalimu alikiweka mfukoni mwa shati.

"Mama, mwalimu anashukuru," Raya alisema jioni, akalitua jiwe mezani karibu na mdalasini.

Mwajuma alilijua. Asubuhi yake hakupanga meza. Alikwenda shuleni na jiwe kwenye kapu, akamkuta mwalimu kwenye benchi la nje wakati wa mapumziko, akisahihisha madaftari na kufukuza inzi waliotua kwenye tundu la paji.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama Raya. Karibu ukae."

Mwajuma alikaa. "Nimekuja kuomba radhi."

"Msamaha haumo kwenye muhtasari wa Darasa la Tano," mwalimu alisema bila ukali. "Mimi narudisha tu vya watu."

"Na Mkurugenzi? Lake ulimrudishia lini?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alijipapasa shingo, kifua na tumbo, mahali ambapo shati sasa lilikuwa linaning'inia.

"Nimetafuta mwili mzima. Hana kitu humu. Yeye hakurusha, alisema tu. Neno silioni pa kulishika. Labda mtu aliyelisikia ndiye wa kulirudisha."

Mwajuma alikwenda kituo cha polisi siku ile ile. Aliweka jiwe mezani na kueleza kuhusu Sabra, daftari, ndizi na kidole kilichonyooshwa. Askari alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulirusha?"

"Nilirusha."

"Na huyo Mkurugenzi alirusha?"

"Hakurusha. Yeye ndiye aliyeita mwizi."

Askari aliandika jibu la kwanza. Kisha alizunguka meza, akampiga kofi lililomwangusha, na kumburuta ndani. Askari wawili walimpiga nyayo kwa rungu. Alikuwa ameshakiri, lakini fomu ilikuwa na sehemu ya mahojiano na haikuweza kuachwa wazi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulitoka. Wakamletea chai.

Kesho yake mchana Mkurugenzi Leonard alikuja kumtoa. Alizungumza na askari kwa sauti ya chini, wakacheka kidogo, kisha akamshika Mwajuma mkono mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango.

"Mama Raya," alisema wakiwa njiani, "kesi ya mauaji ni kitanzi. Nimewaambia umechanganyikiwa, mambo ya ujane. Maelezo yako wameyachana. Una mtoto mwenye akili, usimwache peke yake."

Mwajuma alitazama milima kupitia kioo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, na nyayo zake zilikuwa zimevimba zikajaa kama maandazi.

"Ahsante, Mkurugenzi," alisema.

Ijumaa, mwalimu, akiwa hana jiwe tena la kurudisha, alitoa zoezi. Raya alilifungua nyumbani, wakati mama yake ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Swali lilikuwa moja: Mtaje mtu wa kwanza kuita mwizi gulioni Jumamosi ile. Muulize mzazi.

"Mama, ni nani?"

Mwajuma alikoroga maji kwa kidole cha mguu ambacho hakikuwa na ukucha.

"Andika, hajulikani."

"Lakini mama, si ulikuwepo."

"Raya. Andika nilivyokwambia."

Raya aliandika. Watoto wengine nao, katika nyumba zao, waliandika vile vile, mmoja kwa herufi kubwa.

Madaftari yalirudi Jumatatu. Kalamu nyekundu ya shule ilikuwa imekwisha wino, hivyo mwalimu alikuwa amechovya kidole kwenye paji lake na kusahihisha kwa hicho. Kila daftari lilikuwa na kosa moja, mistari miwili iliyokatana, ambayo ilichelewa kukauka na kuchafua ukurasa wa pili. Hakuandika karipio lolote. Aliandika tu kwamba swali litarudiwa wiki ijayo na kila wiki, na kwamba mzazi athibitishe kuwa ameona.

Mwajuma aliomba kalamu. Aliandika, "Nimeona," akaweka sahihi, akampulizia mtoto ukurasa ukauke.