Okoa, katika Matoleo Manne

Hakuna anayeujua mchezo wa Taji la Chumvi kunizidi mimi. Nimeumaliza katika matoleo yake yote manne, sijawahi kumuuliza mtu njia, na hakuna neno lililosemwa mbele ya mchezo ule likanipita. Nasema mapema ili msomaji asipate taabu ya kunitilia shaka huko mbele.

Jumatatu ile, saa tatu asubuhi, Waya alikuwa amepanga skrini nne juu ya meza ya kazi. Waya ni binamu yangu, binti wa shangazi, fundi wa redio, simu na chochote chenye plagi. Jina hilo alilipata kwa sababu vipande vya waya huonekana hata kwenye nywele zake. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Kazi yangu pale ni kushika tochi na kutoa maoni.

Kampuni inayomiliki Taji la Chumvi ilikuwa imetuandikia barua. Toleo jipya lilikuwa karibu kutoka, na walitaka fundi mwenye matoleo yote ya zamani ayalinganishe, tukio kwa tukio, kwenye fomu yenye visanduku arobaini. Sisi tulikuwa nayo yote. La kwanza ni la kaseti, ile ambayo lazima uipulize kabla ya kuichomeka. La pili ni la diski, la tatu la simu. Hilo la nne walituletea wenyewe kwenye bahasha yenye mihuri mitatu.

Anayecheza ni msafiri anayetafuta taji lililozama kwenye ziwa la chumvi. Kwenye kaseti msafiri huyo ni miraba ishirini na mmoja, na sita kati ya hiyo ni kofia. Kwenye diski amepata pua, na vinanda hulia kila anapogusa mlango, ila mlango wenyewe hufunguka baada ya muda wa kutosha kukaanga yai. Kwenye simu kidole chako humfunika uso tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye toleo jipya nywele zake hupepea hata akiwa ndani ya nyumba, na kila kuku ana kivuli chake.

Maneno tu ndiyo hayakuguswa, isipokuwa moja. Yalikuwa Kiswahili kilekile, mpaka alama ya mkato. Kijiji cha kwanza kina nyumba ya wageni, na mwenye nyumba, mama mwenye aproni tuliyezoea kumwita Mama Wageni, humwambia msafiri katika matoleo yote manne: "Pangusa miguu. Matope ni yako, sakafu ni yangu." Kisha humwonyesha orodha yake pale kaunta: Lala. Kula. Okoa.

Hapo kwenye Okoa ndipo matoleo yalipoachana, na Waya aliyapima kwa utaratibu. Kwenye kaseti, ukichagua Okoa, mchezo hutunza mahali ulipofikia, na chochote kilicho hatarini ndani ya nyumba unamochezea hupona. Maziwa yanayotaka kufurika jikoni hushuka. Waya alisukuma glasi ikaanguka kutoka mezani, nikabonyeza, glasi ikapanda ikakaa mahali pake. Kwenye diski glasi ilivunjika kwanza, ikajiunga saa ya chakula cha mchana. Toleo la simu liliokoa simu tu: chaji ilipanda kutoka asilimia moja hadi mbili. Kwenye toleo jipya neno lenyewe lilikuwa limebadilishwa, likaandikwa Hifadhi. Tulipobonyeza, vigae vya glasi vilibaki sakafuni jinsi vilivyo, na ufagio haukuweza kuvisogeza mpaka jioni.

Waya aliyaandika hayo kwenye kisanduku cha kumi na nne.

"Andika pia kwamba mandhari yanapendeza," nilisema.

"Andika mwenyewe," alijibu Waya. "Mikono yako imepelekwa wapi?"

Ndipo shangazi akaingia na sinia ya chai. Ni mwanamke anayetembea taratibu na kusimama nyuma ya watu. Kwenye skrini ya nne msafiri alikuwa amemkaribia mchota chumvi.

"Usiionje chumvi ya ziwa hili, ina kumbukumbu," alisema shangazi, akimimina chai. Mchota chumvi akafungua mdomo akasema hivyohivyo.

Waya akaweka chini chuma cha kulehemu. "Mama, umejuaje?"

"Si nimeandika mimi."

Akakaa juu ya kopo la rangi akaeleza. Kabla ya kuolewa alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya uchapaji. Mkubwa wa ofisi alimletea karatasi mia mbili za Kizungu na kamusi iliyochanika nusu, akamwambia azitafsiri wakati wa mapumziko. Zilikula chakula chake cha mchana cha miezi mitatu. Karatasi zilipoondoka, mkubwa aliwaambia wenye mchezo kwamba kazi ilifanywa na ofisi.

"Na hii Okoa?" aliuliza Waya. "Kampuni inasema neno lao la Kizungu lilikuwa na maana mbili, kuokoa na kuhifadhi, na aliyetafsiri akachukua isiyo yenyewe."

"Nilizijua zote mbili. Mtu katoka porini, kang'atwa, ngao kapoteza. Anafika kwa yule mama. Anataka nini? Anataka kuokolewa. Wanaohifadhiwa ni samaki."

Tukaliendesha toleo jipya mpaka mwisho, pale majina ya waliolitengeneza yanapopanda kwenye skrini. Yalipanda kwa dakika ishirini na mbili. Alikuwamo mpishi wa kampuni, alikuwamo dereva wa mpishi, alikuwamo paka wa ofisini kwa jina lake kamili. Kisha yakapita maneno haya: Matini ya Kiswahili, mtafsiri hajulikani.

Shangazi aliyatazama yakipanda mpaka yakaishia juu.

"Mimi nataka jina tu," alisema. "Mara moja. Hata wakiliweka chini ya paka."

Kisanduku cha thelathini na moja kiliuliza ni nani aliyetafsiri toleo la kwanza. Waya akaandika majina ya mama yake, yote matatu, kwa herufi kubwa. Chini yake palitakiwa shahidi aliyeona kazi ikifanyika. Mkubwa wa ofisi ya uchapaji alikwishafariki, na ofisi yenyewe siku hizi inauza vigae vya bafuni.

Kwenye skrini ya kwanza Mama Wageni aliacha kupangusa kaunta, akanyoosha mkono.

Alitoka nje ya skrini saa tisa alasiri, Waya alipomaliza kulegeza skrubu nne za nyuma. Kimo chake kilikuwa cha ndoo, naye alikuwa wa miraba mitupu, mweupe, mwekundu na kahawia. Kwa kuwa kaseti haina sauti, maneno yake yalitokea kwenye kisanduku cheusi chini ya miguu yake, na ilibidi mtu ainame kuyasoma. Orodha yake aliiacha kaunta, wateja wajihudumie.

"Pangusa miguu," alisema shangazi mlangoni, na kisanduku kikaandika hivyohivyo wakati uleule. Wakapangusa wote wawili.

Afisa wa kampuni alikuja Alhamisi na mkoba. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa shangazi shikamoo, akafikiri kidogo, akampa na Mama Wageni. Kisha akachutama kwenye sakafu, kalamu mkononi.

"Unamfahamu huyu mama?" alimwuliza Mama Wageni, akimwonyesha shangazi.

Kisanduku kiliandika: KABLA YAKE NILIKUWA NAFUNGUA MDOMO, HAKITOKI KITU. YEYE NDIYE ALIYENIPA LA KUSEMA.

Afisa alinakili. "Makazi?"

KIJIJI CHA KWANZA.

"Kitambulisho?"

Mama Wageni alitafuta kwenye aproni. Alitoa mkate, ufunguo na dawa ya nyoka.

"Kitambulisho tungekisamehe," alisema afisa. "Shida ni kwamba shahidi huyu ni mali ya kampuni. Mali haiwezi kushuhudia dhidi ya mwenye mali. Sijatunga mimi, imeandikwa."

"Lakini unamwamini?" aliuliza Waya.

"Namwamini, dada. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye hiyo sakafu yake."

"Na huyo paka?"

"Paka ni mwajiriwa."

Akalikata jina la shangazi kwenye kisanduku cha thelathini na moja, akaandika pembeni: hajulikani. Waya akanyoosha mkono kwenye kaseti, akabonyeza Okoa. Mstari ukafutika, jina likarudi. Afisa akalikata tena, bila hasira. Waya akabonyeza. Jina likarudi. Wino ulipomwishia afisa, alitoa kalamu ya pili. Safari ya sita shangazi alimshika Waya bega.

"Acha, mwanangu. Utamchosha mgeni mkono."

Waya akaacha. Afisa akalikata jina, likakatika. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akasema ripoti yetu ndiyo nadhifu kuliko zote alizopokea. Sifa hiyo niliipokea kwa niaba ya duka.

Toleo jipya lilitoka wiki iliyofuata. Siku hiyohiyo likatumwa sasisho, na kwenye matoleo ya diski na simu, kote yaliko, Okoa ikawa Hifadhi. Kaseti haipokei sasisho, kwa hiyo yenyewe bado inaokoa, kwa wachache wanaojua kuipuliza. Mama Wageni hakurudi. Alisema kule kwingine kuna watatu wanaofanana naye, watatosha. Anafagia duka, na asiyepangusa miguu haingii, hata akiwa na redio inayotoa moshi.

Jioni moja tuliliwasha tena toleo jipya, lile walilonunua watu dukani, tukaliacha mpaka kwenye majina. Shangazi alisimama nyuma yetu na sinia. Hakusema anangoja nini. Mpishi akapita, dereva akapita, paka akapita. Mtafsiri hajulikani akapita.

Mimi, kama nilivyosema, kazi yangu pale ni kutoa maoni.

"Kosa ni ukimya," nilisema. "Shangazi, ungesema zamani tungelipanga hili mapema, yule mkubwa wako yu hai. Miaka yote hiyo hukumwambia mtu."

Ufagio ukasimama. Kisanduku cheusi kikatokea sakafuni, tukainama mimi na Waya.

HUYU ALINIULIZA NJIA YA PANGONI MARA KUMI NA SABA.

Waya alicheka mpaka akashika meza. Maandishi yakafutika, yakaja mengine, herufi moja moja, kama kawaida ya kaseti.

ALIKUWA KIDATO CHA PILI. ANAPIGANA NA JOKA LA TATU. MAMA ALISIMAMA HAPO NA SINIA AKASEMA, HAYO MANENO NILIYAANDIKA MIMI.

Waya hakucheka tena.

HUYU AKASEMA, SHANGAZI, SOGEA, UNANIZIBA.

Niligeuka. Shangazi alikuwa amesimama palepale, sinia mikononi, macho kwenye majina yaliyokuwa bado yanapanda. Alipoona ninamtazama, alisogea kidogo pembeni, nisizibwe.