Sekunde Mbili

“Na huu nao unafanya nini huko?”

Bwana Saa aliuelekezea kalamu mkono wangu wa kushoto, uliokuwa nyuma ya kiuno changu. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, kola ya shati iko chini ya sindano, mguu umetulia juu ya kanyagio. Mkono ulikuwa wangu na sikuwa na habari kama umekwenda huko. Niliutazama kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni kwake.

Jina la Bwana Saa tulimpa sisi washonaji. Uongozi wa kiwanda ulimleta akiwa na saa ya kubonyeza shingoni, aje atupime. Siku hiyo aliniambia nishone pole pole sana, hatua kwa hatua, ili aandike. Ndipo nilipojifahamu. Miaka kumi na tisa nilidhani nashona kola tu, kumbe nafanya mambo kumi na mawili: nageuza kitambaa, nalainisha mshono kwa kidole gumba, nainua kisigino nikifika kwenye kona, nauma mdomo nikikata uzi. Ilinipendeza, nisiseme uongo. Hakuna aliyewahi kunitazama kwa makini namna ile, hata mwanamume aliyenizalisha akaenda zake.

Jambo la kumi na mbili ndilo hilo. Kila nikimaliza kola moja, mkono wa kushoto unakwenda nyuma, unapiga-piga mara mbili, unarudi.

“Mgongo unaniuma,” nilisema.

“Mgongo huugusi, mama. Unapiga hewa.” Akabonyeza saa. “Sekunde mbili. Kwa kola mia nne, ni dakika kumi na tatu kila siku unapiga hewa. Hebu rudia.”

Nikarudia. Mara ya tatu nilifumba macho, na hapo nikakisikia kiganja changu. Kilikuwa kimejikunja kidogo, kwa kipimo cha makalio ya mtoto wa miezi minane.

Kabla ya kiwanda nilikuwa nashona kwenye kibanda cha fundi mmoja, mwanangu mgongoni. Kila kola ikiisha, nampapasa mara mbili, atulie, nami nijue bado amelala. Kisha nikapata kazi kiwandani, na mtoto hapiti getini. Dada yangu mkubwa alikuwa na mume, nyumba, na chumba cha watoto kisicho na mtoto. “Niachie mimi mpaka utulie,” alisema. Binti alipoanza kusema, akamwita yeye mama. Dada akaniomba tusimchanganye mtoto, na mimi, mwenye zamu sita kwa wiki, nikakubali kuwa mama mdogo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo wasemavyo. Wangu nilidhani nimeumeza ukaisha. Kumbe mkono ulikuwa unaendelea kubembeleza mara mia nne kwa siku, mbele ya watu.

Hayo sikumwambia Bwana Saa. Alikwisha kutangaza kwamba asiyefikisha kola mia nne na ishirini mwisho wa mwezi atafute pengine pa kwenda, na kwa umri wangu hapakuwa na pengine. Akanihamishia bunda la kola upande wa kushoto, karibu na nyonga, ili mkono ukitaka kutoroka ukutane na kazi.

“Utazoea,” alisema. Wala hakusema kwa ubaya. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana ningemchukia vizuri zaidi kama angekuwa mbaya.

Mkono ulikuwa mbishi. Siku mbili uliliruka bunda ukaenda kulekule kwake. Siku ya tatu nikaufunga kwa utepe wa kitambaa, ncha moja kwenye kifundo cha mkono, nyingine kwenye mguu wa meza, kiasi cha kulifikia bunda tu.

“Leo mbuzi kafungwa!” jirani yangu wa mashine alipiga kelele, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Nami nilicheka. Kisha nikaenda msalani nikalia, nikanawa uso na kurudi haraka, kwa sababu msalani nako tulikuwa tunapimwa.

Siku ya tisa nilifungua utepe, na mkono ukabaki mahali pake. Kola mia nne thelathini na moja. Bwana Saa alinipigia makofi. Jirani yule hakufikisha, akaondolewa. Mimi nikashona miaka minne mingine, mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa. Sasa ni ghala la magodoro.

Mwaka kilipofungwa ndio binti aliojifungua. Nilikwenda kwa dada kumwona mtoto. Dada alikuwa mezani anakunja nepi. Binti yuko hoi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Mama mdogo, hebu nibebee huyu nikaoge.”

Akanifunga mjukuu wangu mgongoni kwa mbeleko. Alikuwa na joto, na mzito kuliko nilivyotazamia. Mara akaanza kulia, na mkono wangu wa kushoto ukaondoka wenyewe, upesi, bila kuombwa. Ukaenda kando ya nyonga, ukapapasa hewa, unatafuta kola. Mtoto akazidi kulia. Nikajaribu tena. Ukaenda palepale.

Binti akacheka. “Mama mdogo nawe! Kwani hujawahi kubeba mtoto?”

Dada aliacha kukunja. Nilimtazama, na yeye akaitazama nepi.

“Zamani kidogo,” nilisema.

Binti akanishika kifundo, palepale ulipokuwa utepe, akaupeleka mkono wangu nyuma taratibu na kuuweka juu ya makalio ya mtoto.

“Hivi. Unampiga-piga mara mbili, unaacha. Haya, rudia.”

Nikarudia.

“Umeona?” alisema, akichukua taulo lake. “Utazoea.”