Mwarobaini wa Kichwani

Mjinga wa siku ile alikuwa kinyozi, na mwenyewe hakatai. Ndiye aliyewaita watu.

Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa, na mashine ya kunyolea aliyoilaza kwenye droo kama mtoto mchanga. Kuisafisha kwake kulikuwa ni kuipuliza fuu, kuigonga pajani, kisha, "Haya, mwingine." Chumba cha nyuma alikaa shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu hajui kujifuta kamasi. Humo shangazi aliponda majani ya mwarobaini na kitunguu saumu, akayakamua, akachanganya na mafuta ya nazi, akawapaka wenye mapunye. Nao hawakuwa haba. Vichwa vya mtaa mzima vilikuwa na viraka vya mviringo, vyeupe, vinavyowasha, utadhani mtu kaviwekea vikombe vya chai.

Dawa ilifanya kazi. Muwasho ulikoma, magamba yakapukutika, na pale palipokuwa na kiraka ukachomoza mche wa mwarobaini. Watu waliupokea vizuri tu. Fundi cherehani aliacha kuvaa kofia. Mwalimu wa hesabu aliumwagilia wake kila asubuhi akinawa uso. Mke wa mpiga rangi alinung'unika kidogo kuhusu mito ya kitandani, basi.

Kilichozua maneno ni kwamba miche yote ilikuwa inainama upande wa kibanda. Mtu akishika njia ya sokoni, majani yanatazama nyuma. Kinyozi alipoliona hilo alifurahi, maana alikuwa anakitamani kile chumba cha nyuma aweke kiti cha tatu.

"Yanamtafuta aliyeyaponda," aliwaambia wateja. "Mnapakwa ugonjwa mkiambiwa ni dawa."

Neno likasambaa kama moshi. Chupa za dawa zikarudishwa, nyingine hata kufunguliwa bado. Majirani wakawa wakimwona shangazi wanakumbuka kitu walichosahau nyumbani. Kinyozi akatangaza kwamba Jumamosi wote waje wakae kwenye benchi, shangazi apite mbele yao. Majani yakimgeukia, ahame.

"Na yasiponigeukia?" shangazi akauliza.

"Utabaki."

"Basi nipishe nimalizie kuponda."

Jumamosi kibanda kilijaa hadi mlangoni. Shangazi akapita mbele ya benchi polepole, mikono ikinuka kitunguu saumu. Majani hayakutikisika. Akageuka, akarudi alikotoka. Bado.

"Labda yamelala," akasema mpiga rangi.

"Pita tena, shangazi," kinyozi akaomba.

"Miguu yangu si ya maonyesho, baba."

Kinyozi akaona aibu kusimama mikono mitupu. Akafungua droo, akatoa mashine. Miche yote ikainama mbele kwa pamoja, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Akaihamishia mkono wa kushoto, na miche ikahamia kushoto. Akaificha mgongoni, na majani yakajinyoosha kumchungulia.

Watu wakatazamana. Mwalimu wa hesabu akakohoa, akaangalia dari. Kisha fundi cherehani, ambaye kesho yake alikuwa anamwoza mdogo wake, akainuka akaenda kukaa kwenye kiti mbele ya kioo.

"Mimi nipunguzie pembeni tu," akasema. "Jani usiguse."

Kinyozi akaipuliza mashine fuu, akaigonga pajani, akaiwasha. Kwenye benchi wakaanza kuulizana nani alitangulia kufika.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, akijifuta mikono kwa kanga.

"Hata kuifuta kwa spiriti, mwanangu?"

"Spiriti inaua makali."

"Umeyaona majani lakini."

"Nimeyaona, shangazi, na usinigeuzie kibao mbele za wateja. Kabla ya mafuta yako, hawa hawakuwa na majani kichwani."

"Kabla ya mashine yako," akasema shangazi, "walikuwa na nywele."