Bastola Iliyogoma Kubaki Wazi

Risasi ya mwisho ilipotoka, bastola ilijifunga. Sindano, askari wa kike wa mahakama aliyebatizwa jina hilo kwa wembamba wake, akavuta tena kifyatulio. Tap. Hakuna kitu.

"Hapo umeshakufa," mkufunzi wa shabaha alimwambia, si kwa ubaya. "Wenzako wameweka magazini mpya yenye risasi, wewe bado unapiga hewa."

Ilikuwa mara ya pili kushindwa mtihani wa shabaha. Akishindwa tena angeondolewa getini na kurudishwa kupanga mafaili. Kilichomuuma ni kwamba kwa wenzake, risasi zikiisha, kile chuma cha juu kinachoteleza kilirudi nyuma na kubaki hukohuko, hata kipofu angejua bastola haina kitu. Kwake kilirudi mbele na kufunga, kana kwamba risasi bado zipo.

Alibadilisha magazini. Akabadilisha bastola. Mkufunzi akaichukua ileile, akapiga mpaka ikaisha, ikabaki wazi. Akamrudishia Sindano. Ikajifunga.

"Haikupendi," mwenzake mmoja alitania. "Itongoze kwanza."

Alicheka kwa shingo upande. Nyumbani hakukukalika. Alianza kufagia akaacha, akabandika chai ikakaukia jikoni, kisha akasimama mbele ya kioo akijilenga kwa kitana, mikono miwili.

"Mke wangu, hicho kitana kimekukosea nini?" mumewe aliuliza.

"Niache."

"Nikuache vipi na nyumba nzima haipumui? Njoo tumenye viazi."

Mume alipokuwa akimpa kisu, alimshika mkono. "Gumba umelibana wapi?"

Chini ya kidole kulikuwa na alama nyekundu, vijistari vilivyojipanga. Sindano hakukumbuka kulibana popote. Akakishika kisu kama bastola, na gumba likaenda lenyewe mahali lilipozoea kulala, ubavuni, palepale ambapo bastola ina kikomeo kidogo.

"Ni mimi!" aliruka. "Ni mimi ninayekikandamiza!"

"Unamkandamiza nani tena?"

"Kikomeo! Risasi zikiisha, magazini inakisukuma juu, kinashika chuma kisirudi mbele. Sasa kitapandaje na mimi nimekikalia?"

Mume hakuelewa hata nusu, lakini alifurahi kuona hatimaye mkewe ameketi kumenya viazi.

Kesho yake alimweleza mkufunzi. Yule bwana akamsogelea, akatazama mkono, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mimi macho yote kwenye shabaha! Haya, inua hicho kidole."

Kukiinua kulikuwa rahisi, kukizuia kisirudi ndiyo kazi. Mazoea yana taabu. Siku ya mtihani alikuwa akikigombeza kimoyomoyo kama mtoto mtundu.

Risasi ya mwisho ikatoka. Chuma kikarudi nyuma, kikabaki. Wazi! Sindano akakikodolea macho kwa furaha, naye mdomo wazi.

"Badilisha, dada, badilisha!" mkufunzi alifoka.

Akashtuka, akaachia magazini tupu ianguke, akachomeka nyingine nusura imponyoke, akapiga. Alifaulu kwa chupuchupu.

Mumewe alipompigia simu, alimjibu huku akizungukazunguka uwanjani, asiweze kutulia.

"Nimepita. Kesho narudi getini."

"Hongera! Mbona sauti yako haina furaha?"

"Kidole. Nikikisahau tu, kinarudi kulekule."

"Basi usikisahau."

"Rahisi kusema," alisema Sindano, akaligeuza gumba juani kulichunguza. Alama bado ilikuwapo.